Upepo wa Mbisho

Filimbi ilikaa shingoni mwangu miaka 14. Mimi ni mwalimu wa michezo wa shule ya msingi. Nimechezesha mpira wa miguu kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, kuanzia ngazi ya kata, na kwa muda wote huo mkono wangu wa kulia uliijua njia ya kuifikia hata nikiwa nawaza mengine. Jumamosi ya kwanza niliyowakusanya watoto ufukweni Kigamboni kuwafundisha altimeti, niliiacha nyumbani kwa makusudi. Haikupita nusu saa, wawili wakagongana. Mmoja akapiga kelele, mkono wangu ukapanda kifuani, ukakuta kifungo cha shati. Nikabaki nimekishika kile kifungo, watoto 11 wakinikodolea macho, wakisubiri mlio.

Altimeti huchezwa kwa frizbi, sahani ya plastiki ambayo wachezaji wenyewe huiita diski. Kwenye majani kila timu ina wachezaji saba, na uwanja una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37. Mchangani ni watano kwa watano, mita 75 kwa 25, na mita 15 za kila mwisho ndizo eneo la kufungia. Mwenye diski hakimbii nayo. Anakita mguu mmoja, anajigeuza juu yake, na ana sekunde kumi za kutoa pasi huku anayemkaba akihesabu kwa sauti. Ikianguka, wapinzani wanaichukua. Ukiidaka ndani ya eneo la kufungia, umepata pointi. Mtoto mwepesi anayashika hayo yote asubuhi moja.

Lililobaki ndilo lenye kazi: hakuna refa. Hakuna kwa watoto wa Kigamboni, na hakuna katika fainali za dunia zinazoandaliwa na WFDF, shirikisho la kimataifa la michezo ya diski, lililoundwa mwaka 1985 na kutambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2015. Aliyechezewa faulo anasema mwenyewe kwamba ni faulo. Aliyetuhumiwa anakubali, au anabisha. Wakishindwa kuelewana, diski inarudi kwa aliyeirusha na mchezo unaendelea kana kwamba ile pasi haikuwahi kutoka. Kocha aliyesimama pembeni anaweza kueleza kanuni akiulizwa. Kuamua, hapana.

Marekani kuna ligi ya kulipwa iliyoanza mwaka 2012, nayo ina marefa. Wana sababu zao, na ningekuwa nafundisha watu wazima wanaoishi kwa mchezo huu labda ningeona kama wao. Wangu ni watoto wa miaka 10 hadi 15.

Ratiba yetu inapangwa na bahari. Jumamosi za bamvua maji hukupwa sana kuelekea saa nne na saa tano asubuhi. Ufuo unakuwa mpana, mchanga umeshikana, mguu hauzami. Hizo ndizo siku za mechi. Maji yakiwa mafu tunabanana kwenye ukanda mwembamba wa mchanga laini karibu na mivinje, tunafanya mazoezi ya mkono tu.

Mazoezi ya mkono yana utamu wake. Diski ya watu wazima ina uzito wa gramu 175. Zipo nyepesi za watoto, lakini sisi tunazo mbili tu, kwa hiyo wengi wanaanza na zile zile nzito. Mwanzoni kabisa walijaribu na mifuniko ya ndoo za rangi. Mfuniko ulikwenda hatua nne ukajipindua, kwa sababu ukingo wake mwepesi haushikilii mzunguko, na sahani isiyozunguka huanguka kama sufuria. Nguvu haisaidii. Wavulana wenye misuli walirusha kwa bega zima, diski ikatetemeka hewani ikaanguka karibu na miguu yao. Binti mmoja mwembamba, ambaye kila jioni humsaidia bibi yake kupepeta mchele, aliirusha mara ya tatu tu ikaenda imenyooka mpaka majini. Kifundo cha mkono wake kilishajua kazi. Tangu siku ile sitoi maelezo marefu, nawaambia wapepete. Na ule mrusho wa pili, wa mbele, ambao wachezaji huuita fliki na ambao huwatoa jasho hata watu wazima, niliwafundisha kwa vijiwe. Mtoto wa pwani hahitaji kufundishwa kurusha kijiwe bapa kikaruka juu ya maji mara tatu, mara nne. Kiwiko karibu na ubavu, kiganja kinatazama juu, kifundo kinachapa. Ni mkono ule ule.

Halafu ukaja upepo. Tulianza Februari, kaskazi ikielekea kukatika, tukaizoea. Kufika Juni kusi ilikuwa imekaza, na kila pasi ndefu ya kwenda joshini ilikuwa inainua pua, inapanda, inasimama angani kama mwewe, kisha inarudi kuanguka nyuma ya aliyeirusha. Niliwaeleza habari za pembe na ukingo. Walinisikiliza kwa adabu na hawakuelewa kitu. Ndipo mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, mkimya ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akizungumza mbele ya wenzake, akasema, "Mwalimu, huku hakuendeki moja kwa moja. Tubishe."

Wenzake walimwelewa kabla yangu. Chombo cha tanga hakiwezi kuuendea upepo usoni. Kinakwenda mbisho: kinakata mshazari upande huu, kinageuza tanga, kinakata mshazari upande ule, na kila mkato unakisogeza joshini kidogo. Wakaanza kupigiana pasi fupi za pembeni, kutoka kamba hii ya mpaka hadi kamba ile, mita tano mbele, mita tatu mbele, diski ikipita chini chini usawa wa goti. Iliwachukua dakika nane kufika. Walipofunga walishangilia kama mabaharia walioiona Unguja. Makocha wa nchi nyingine wanaifundisha mbinu hiyo hiyo kwa majina yao. Kwetu inaitwa kubisha, na sidhani kama lipo jina linaloifaa zaidi.

Neno hilo halikuniacha. Mwenye tanga anabisha. Aliyesimama mlangoni kwa watu anabisha hodi. Na mtoto anayemkatalia mkubwa anabisha, naye anaitwa mbishi, na tangu utoto wangu sijasikia mtu akiitwa mbishi kwa kusifiwa. Nyumbani kwetu ukibisha ulikuwa umekosa hata kama haki ilikuwa yako. Kosa lilikuwa kule kufungua mdomo. Nami darasani nimewanyamazisha watoto wangapi kwa neno moja tu, "Usibishe"? Sasa nimesimama ufukweni na mchezo ambao kanuni zake zinamtaka mtuhumiwa, kama haoni kosa lake, aseme waziwazi kwamba anabisha. Bila neno hilo mchezo hauchezeki. Mtoto asiyeweza kulitamka mbele ya mwenzake mkubwa ataonewa kila Jumamosi, na anayelitamka ovyo atawachosha wenzake mpaka akose wa kumpasia.

Kwa hiyo nafundisha ubishi, na nauita hivyo hivyo mbele ya wazazi. Tunaufanyia mazoezi kama tunavyofanyia fliki. Wawili wanasimama hatua mbili kati yao, sauti iwe ya watu wanaokula pamoja. Sema kilichotokea, usiseme unavyomdhania mwenzako: "Mkono wako uligusa wangu kabla sijadaka," na yale ya "We mchezo wako ni rafu tu" yabaki nyumbani. Kisha nyamaza umsikilize. Aliyekuwa mahali pazuri zaidi pa kuona ndiye neno lake lina uzito, hata akiwa wa timu pinzani. Halafu kubali au bisha, na yasiwe marefu, wenzenu wanasubiri. Mazoezi haya huwachosha kuliko kukimbia. Nimemwona mvulana hodari, anayekaba bila woga, akishindwa kumtazama mwenzake usoni na kumwambia maneno sita.

Hata kuhesabu kumi kuna mambo yake. Kanuni inataka sekunde nzima kati ya namba na namba, na namba zetu ni fupi, ulimi unazikimbiza: moja mbili tatu nne, mtoto amefika saba kabla mwenye diski hajainua macho. Na diski lazima iwe imetoka mkononi kabla anayehesabu hajaanza kulitamka neno "kumi". Hajaanza. Nimewasikia wawili wakibishana kama diski ilitoka kabla ya "ku" au ndani ya "ku". Yule aliyekuwa akihesabu akafumba macho, akalirudia neno polepole kwa sauti ya chini, akijisikiliza, kisha akasema, "Ilikuwa imeshatoka. Samahani." Sijawahi kumsikia mtu mzima akirudi nyuma kwa ajili ya nusu ya neno.

Watu huniuliza kama huu si uzungu, mambo ya kuletewa. Mchezo wenyewe kweli umetoka mbali. Mwaka 1968, katika mji wa Maplewood, jimbo la New Jersey, wanafunzi wa Columbia High School walianza kuucheza, akiwamo Joel Silver ambaye baadaye alikuja kuwa mtayarishaji wa filamu za Hollywood. Walikuwa wakicheza usiku kwenye maegesho ya magari ya shule, chini ya taa. Tarehe 6 Novemba 1972 ukafika vyuoni, Rutgers wakawashinda Princeton 29 kwa 27. Ninachokiona mimi katika habari hiyo ni kwamba waliouanzisha walikuwa watoto wa sekondari, usiku, bila mwalimu. Na hapo sioni ugeni wowote. Chandimu haina refa. Rede haina refa, kombolela haina. Mtaani watoto wamekuwa wakihukumiana wenyewe tangu zamani, na wanajua mambo mengi ya haki ambayo sisi tunaanza kuwafundisha upya tukiwa tumewavalisha sare. Kinachoiua chandimu tunakijua sote: mwenye mpira akikasirika anaondoka na mpira wake, na mwenye kifua kikubwa ndiye mwenye kanuni. Ukubwa wa kifua haukuandikwa popote katika kanuni za altimeti. Hiyo ndiyo tofauti ninayoipigania, na inataka mtu wa kuilinda bila kuigeuza kuwa filimbi nyingine.

Mwisho wa mechi timu mbili husimama duara moja, zimechanganyika, na kila upande unawaambia wenzake ulichokipenda na kilichouudhi. Kwingine hushikana mabega. Kwetu mabinti wanaojistiri husimama kati ya mabinti wenzao, na duara halipungukiwi na kitu. Kisha kila timu inawapa wapinzani alama za roho ya mchezo kwa mambo matano: kuzijua kanuni na kuzitumia, kugusana mwilini, kutopendelea, kujizuia na kuwa na moyo mzuri, na namna ya kuzungumza. Kila jambo lina alama kuanzia 0 hadi 4, na 2 ndiyo kawaida. Watoto wanataka kutoa 4 kwa marafiki na 0 kwa waliowafunga. Kuandika 2 kwa mtu aliyekufunga, kwa sababu tu alikutendea sawasawa, ni kazi. Wapo waliolia.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumamosi ya bamvua, mwezi wa Agosti. Timu mbili za kwetu wenyewe, 12 kwa 12, wa kwanza kufika 13 ameshinda. Yule binti wa kupepeta, miaka 11 wakati huo, alikimbilia kona ya eneo la kufungia, akairukia diski, akaifumbata kwa viganja viwili, kimoja juu kimoja chini, akatua. Aliyekuwa akimkaba ni mvulana wa miaka 14, amempita kwa kichwa kizima, mchezaji mzuri na mtoto mwema. Akasema, "Nje. Mguu umekanyaga kamba."

Mipaka yetu ni kamba iliyokazwa kwa vigingi, na kamba yenyewe ni nje. Nilikuwa hatua nne kutoka pale, upande wa bahari, na nilikuwa naitazama ile kamba. Mguu ulitua ndani. Kati ya kisigino na kamba palikuwa na nafasi ya vidole vitatu.

"Mwalimu, umeona?" mmoja aliuliza. Wote kumi wakanigeukia.

Miezi ya mwanzo niliwahi kujibu. Siku moja nilipiga kelele "Ndani!" kutoka pembeni bila hata kuombwa, ugomvi ukaisha pale pale, nikajiona nimewasaidia. Mwezi mzima uliofuata hakuna aliyezungumza na mwenzake. Likitokea lolote waligeuza shingo kwangu, na waliojua kunilalamikia vizuri ndio waliokuwa wanashinda. Nilikuwa nimeivaa filimbi tena.

Nikasema, "Mliokuwa hapo ni ninyi wawili. Ongeeni."

Binti akachuchumaa. Alikuwa anatafuta unyayo wake. Mchanga wa bamvua hutunza alama vizuri, lakini kona ile ilikuwa imekimbiliwa asubuhi nzima; palikuwa na nyayo saba au nane, moja juu ya nyingine, na mbili zilikuwa juu ya kamba kabisa. "Wangu huu," alisema, akiugusa kwa kidole. Mvulana akaonyesha mwingine. "Wako ule." Hakuwa anadanganya, aliona alichokiona, akiwa nyuma yake, anakimbia. Binti akauweka mguu wake kwenye unyayo alioutaja, ukaingia sawasawa. Akauweka kwenye ule wa mvulana. Nao ukaingia. Akautazama kwa muda, kisha akasimama wima na kumtazama mwenzake. "Nabisha," akasema, kwa sauti ile ile ya watu wanaokula pamoja.

Diski ikarudi kwa aliyeirusha. Pasi iliyofuata ilibebwa na upepo ikaanguka nje ya kamba, wapinzani wakaichukua, wakafunga. Mechi ikaisha 13 kwa 12. Katika duara binti hakusema neno.

Mama yake alikuwa amekaa kivulini chini ya mivinje, amekuja kumchukua. Alinisubiri mpaka watoto walipokwenda kunawa miguu.

"Mwalimu, si ulikuwa umesimama pale?"

"Ndiyo, mama."

"Ukaona."

"Niliona."

"Mguu ulikuwa wapi?"

"Ndani."

Alinyamaza kidogo, akijifunga khanga upya. "Basi mwanangu kadhulumiwa mbele ya mtu mzima, na mtu mzima kanyamaza. Ndiyo mnachowafundisha?"

Nilimjibu. Nilimwambia kwamba mtoto akisukumwa, au akitukanwa, au akiguswa isivyofaa, naingia uwanjani papo hapo. Hilo ni la mtu mzima na halina mjadala. Nilimwambia hukumu yangu ingempa binti yake pointi moja na kumnyang'anya neno lake, kwa sababu Jumamosi ijayo angenitazama mimi badala ya kumtazama yule mvulana. Yote hayo nayaamini mpaka leo. Lakini nilipokuwa nikiyasema niliyaona yanapita kando ya swali lake. Yeye alikuwa anauliza juu ya jambo kongwe kuliko altimeti: mtu mzima aliyekuwa karibu, aliyeona, aliyenyamaza. Yeyote aliyewahi kudhulumiwa kiwanja au mirathi anamjua mtu huyo kwa sura. Sikutaka kuwa yeye, na machoni pa mama yule nilikuwa yeye.

Sijapata jibu la kulitosheleza swali lile. Nilichobadilisha ni kidogo. Duara likishavunjika, matokeo yakiwa hayabadiliki tena, mtoto akiniuliza nilichokiona namwambia, na namwambia mwenzake akiwepo. Jumamosi iliyofuata niliwaita wote wawili, nikawaambia mguu ulikuwa ndani.

Mvulana aliinamisha kichwa. "Mimi niliona nje," akasema.

"Najua," binti akamjibu. "Ulikuwa nyuma yangu."

Wakaenda kurushiana diski.

Siku hizi kamba anaitandaza yule binti. Hakuna aliyemwomba. Anafika kabla ya wenzake, maji yakiwa bado yanatoka, anapigilia vigingi kwa jiwe, anaivuta kamba mpaka inakaza kabisa. Kisha anaokota kuti na kufagia mchanga kandokando ya kamba, kwa ndani na kwa nje, upana wa hatua moja, mpaka zifutike nyayo zote, za kaa, za mbwa, za wavuvi waliopita alfajiri. Katikati ya mechi, kila pointi ikifungwa, wenzake wakiwa wanakunywa maji, yeye anarudi kwenye kona na kuti lake. Kusi ikipiga inamrudishia mchanga usoni, kwa hiyo amejifunza kufagia akiwa ameupa upepo mgongo, akirudi kinyumenyume kutoka kigingi hadi kigingi, ili hata nyayo zake mwenyewe zisibaki.